Gredi Si Nafasi ya Chuo: Kujibu Uvumi wa Matokeo Huko Asumbi

Asumbi ni mahali pa shule. Kuna misheni ya Wakatoliki, shule ya kitaifa ya wasichana na chuo cha walimu, na familia nyingi za Homa Bay na Migori zina binti, shangazi au mjomba aliyepitia hapo. Ndiyo maana matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitangazwa, sokoni, kanisani na kwenye saiba za intaneti hapana habari nyingine. Lakini mengi yanayosemwa si kweli, na baadhi yake humponza mtoto akakosa kozi aliyoisomea miaka minne. Kati ya siku ya gredi na siku ya kujua chuo gani kimekupokea hupita miezi, na miezi hiyo huachiwa uvumi.

Dai la kwanza ni kwamba mwalimu mkuu huwa ameshayajua matokeo siku kadhaa kabla, na kwamba ukiwa na mtu wa kumfikia utayapata mapema. Si hivyo. Waziri wa Elimu husimama akatangaza, kisha ndipo Baraza la Mitihani, KNEC, hufungua milango ya mtandao wake kwa shule na kwa watahiniwa. Kwa miaka mingi wazazi walituma nambari ya mtihani kwa ujumbe wa simu. Mwishoni mwa 2023 matokeo ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, yaliyopitia ujumbe wa simu yalileta malalamiko mengi ya alama zisizo sahihi, na matokeo ya KCSE yalipotoka Januari 2024 watahiniwa walielekezwa kwenye tovuti ya KNEC, waingize nambari yao ya mtihani na jina. Nambari hiyo ina tarakimu kumi na moja: nane za shule na tatu za mtahiniwa. Anayekuuzia matokeo usiku wa kuamkia tangazo anakuuzia hewa.

Wengine hushikilia kwamba matokeo yana tarehe yake isiyobadilika. Wazazi waliosoma zamani hukumbuka kuyangoja mpaka Februari au Machi. Fred Matiang'i alipokuwa waziri yalitoka 29 Desemba 2016, mwaka uliofuata yakatoka 20 Desemba, na George Magoha akayatangaza 18 Desemba 2019. Korona ikavuruga kalenda: mtihani wa 2020 ulifanywa 2021, na matokeo yakaja 10 Mei. Baadaye yalirudi Januari: tarehe 20 mwaka 2023, tarehe 8 mwaka 2024, tarehe 9 mwaka 2025. Kwa hiyo anayekuapia tarehe kabla waziri hajasema anabahatisha. Wasiwasi kwamba usahihishaji wa haraka uliwaumiza watoto mwaka 2016 na 2017 ulikuwa na haki ya kusikilizwa. Waliopata C+ na kuendelea walishuka hadi 88,929, kisha 70,073, na mzazi aliyeuliza kulikoni hakuwa mkorofi. Ila kutoka haraka kwa matokeo hakumpeleki mtoto chuoni haraka. Vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya kuanzia Agosti au Septemba, awe amepata gredi yake Desemba au Januari.

Lipo pia dai la "nambari kitaifa". Utasikia kwamba binti wa fulani ni wa mia mbili nchini, na saiba nyingine iko tayari kukuchapia karatasi yenye nambari hiyo. Serikali ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka 2014, na karatasi ya matokeo ya KNEC haina mstari wa namna hiyo. Kuna nchi zinazotoa nambari moja ya cheo. Australia humpa mwanafunzi anayemaliza shule kipimo cha kati ya 0 na 99.95 kinachoonyesha alipo miongoni mwa rika lake, na vyuo huanzia hapo. Kenya haina kipimo hicho kimoja. Mtoto wetu ana cheo tofauti kwa kila kundi la kozi, na hapa ndipo familia nyingi hupotea.

"Amepata A-, udaktari ni wake." Dai hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, na naelewa lilikotoka. Wazazi wa leo walifanya KCSE enzi za JAB, bodi ya pamoja ya vyuo vikuu. Wakati huo mazungumzo yote yalikuwa juu ya alama moja ya mpaka: ukiifikia umeitwa, ukiikosa umebaki nyumbani, kwa kuwa serikali ilichukua idadi ambayo vyuo vyake viliweza kuwalaza. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB na kuunda KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni. Sasa mlango wa shahada uko wazi kwa kila mwenye C+. Katika matokeo ya mtihani wa 2024 waliofika hapo walikuwa 246,391 kati ya watahiniwa 962,512, na waliopata A tupu walikuwa 1,693. Wote hao wakiwa na haki ya kuomba, kinachowatenganisha si gredi ya jumla. Ni alama za kundi la masomo, zile ambazo vijana huziita klasta.

Tuwachukue wasichana wawili, wote A- ya alama 76 kati ya 84. Wa kwanza ana 12 katika Biolojia, Kemia na Hisabati, na 11 katika Kiingereza. Masomo yake matatu mengine yanajaza 29 zilizobaki. Wa pili ana 10 katika Biolojia na Kemia, 9 katika Hisabati na 12 katika Kiswahili, halafu amepata 12 katika Dini na Historia na 11 katika Kiingereza. Kwa udaktari yanaangaliwa masomo manne: wa kwanza ana 47 kati ya 48, wa pili ana 41. Fomula ambayo walimu wamezoea huzidisha sehemu ya masomo manne kwa sehemu ya masomo saba, ikatafuta kipeuo cha pili, ikazidisha kwa 48. Wa kwanza anapata takriban 45.2, wa pili 42.2. Kwenye foleni ya udaktari alama tatu ni umbali mkubwa, na hapo katikati wamejipanga watoto wengi. Gredi ni ileile, safari ni mbili. Na yule wa pili hajashindwa: akiomba kozi ambayo masomo yake bora ndiyo yanayohesabiwa, huenda yeye ndiye akatangulia.

Hesabu hiyo ni ya kukadiria. KUCCPS haitumii gredi tupu bali kiashirio cha ufaulu wa mtahiniwa, hivyo alama zinazotolewa na programu za mitaani huweza kutofautiana na zile rasmi. Alama za kuaminika ni zile ambazo mwombaji huziona mwenyewe akiingia kwenye akaunti yake ya KUCCPS maombi yakifunguliwa. Nami nasema wazi kwamba kungoja huko hakuna faida kwa mtoto. Alama za klasta zingetolewa siku moja na gredi, nusu ya madai haya yangekufa siku hiyohiyo.

Kuhusu alama za mpaka za mwaka jana, watu huzisoma kana kwamba ni sheria. Si sharti lililowekwa. Ni alama za mtu wa mwisho aliyeingia kozi ile mwaka ule. Waombaji wakiongezeka, mpaka unapanda. Wakipungua, unashuka. Zitumie kama kadirio, na usijaze machaguo yote kwa kozi ambazo mpaka wake wa mwaka jana uko juu yako.

Wapo wanaosema kozi zilishachaguliwa shuleni, basi hakuna la kufanya. Ilikuwa hivyo zamani, fomu zikijazwa kabla ya mtihani. Siku hizi mtoto huomba baada ya kuona matokeo yake, kwa nambari ya mtihani, mwaka wa mtihani, na nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE kama nywila. Kwa hiyo anayekuombea kwenye saiba akiwa na nambari hizo anaweza kurudi kesho akabadilisha chaguo lako. Kaa kando yake, soma kila mstari kabla hajatuma, na ukitaka msaada usio na mashaka nenda kituo cha serikali cha Huduma Centre.

Kuna na yule "mtu wa Nairobi" anayeongeza alama kwa malipo. Hayupo. Njia halali ya kulalamikia matokeo ni moja: shule ndiyo huomba usahihishaji upya kwa KNEC, kwa ada, muda mfupi baada ya matokeo kutangazwa. Shule yako ikikataa kuwasilisha ombi, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mapema, kabla muda haujaisha.

Mwisho kuna dai ambalo wazazi wenye deni la karo hulikubali kimyakimya: kwamba shule ina haki ya kushikilia cheti mpaka karo iishe. Sheria ya KNEC ya 2012 inasema cheti hakitazuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Deni la karo lipo na linapaswa kulipwa, lakini si kwa cheti cha mtoto. Na kwa kuwa maombi ya KUCCPS hufanywa kwa nambari, si kwa karatasi, binti ambaye shule yake imekataa kumpa hata karatasi ya matokeo bado anaweza kuomba chuo maombi yakifunguliwa.