Hiyo taa ya oili itakuacha msituni

Wasee, leo nitakosana na mafundi wangu wote, kuanzia wa kando ya Soko Mugdi hadi wale wa ng'ambo ya daraja kule Madogo. Niko tayari. Kama una gari ya zamani huku kwetu, iwe Land Rover, Peugeot 504 au Land Cruiser ya mzee, na hujaiwekea geji ya presha ya oili na geji ya joto la oili, unaendesha kama umefunga macho. Na usiniambie eti taa ya oili iko. Saa saba mchana, jua la Garissa likipiga dashibodi, ni lini mara ya mwisho uliona hiyo taa?

Abti yangu ana Land Rover 109, Series III, ile ya petroli ya injini ya 2.25. Land Rover zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa Kenya, Thika, kwa kiwanda cha Leyland kilichoanza 1974, ambacho leo ni KVM. Ya abti ilikuwa inabeba mapipa ya maji na mizigo ya duka, njia ya Balambala. Na ndiyo ilikuwa inalipa karo yangu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea uinjinia wa mitambo, mama anajisifu bulla nzima.

Siku injini iliponoki nilikuwa nimekaa kando yake, nimekuja likizo. Mchanga mwingi, mzigo umejaa, tuko gia ya pili, na upepo unatufuata kwa nyuma, kwa hivyo hata feni inahangaika. Abti alikuwa anaangalia geji ya maji kila dakika. Maji yalikuwa sawa kabisa, redieta ilikuwa mpya. Mara tukasikia tok, tok, tok kutoka chini. Kabla hajazima, nikaweka kiganja juu ya dashibodi kuzuia jua, ndio nikaona kataa kadogo kamewaka. Kamewaka kwa muda gani, mimi na yeye hakuna aliyejua.

Tulilala hapo. Nani anaendesha usiku hizo njia zetu?

Sasa sikiza hesabu. Hiyo injini ikiwa imepata moto, kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, presha ya oili inatakiwa iwe kati ya psi 35 na 65. Lakini swichi ya taa huwasha taa presha ikishaanguka chini kabisa, psi 10 hivi au hata chini ya hapo. Kwa hivyo kutoka 35 hadi 10 taa imenyamaza. Beringi zinakwisha polepole, pampu inachoka, oili inakuwa nyepesi kama chai ya mwanafunzi, na wewe unaona giza tu pale kwa dashibodi, unadhani ni amani. Ingekuwa geji, abti angeona sindano ikishuka wiki baada ya wiki. Angepaki nyumbani, abadilishe beringi kwa bei ya beringi.

Badala yake krenki ilienda kusagwa Nairobi, beringi zote mpya, pampu ya oili mpya. Ngamia wawili waliuzwa, na muhula wangu ukaenda nao. Muhula mmoja ukawa miwili, na ndio mimi huyu, niko gereji na simu mkononi nawarekodia video. Sisemi geji ingenipa digrii. Nilikuwa na makosa yangu pia na mama anayajua vizuri. Lakini geji zote mbili, paipu na kazi ya fundi, hazikufika hata robo ya pesa ya krenki. Hiyo hesabu hunikosesha usingizi.

Watu wengi wananiuliza joto la oili ni la nini na geji ya maji ipo. Maji yana redieta na feni. Oili ya hizi injini za kizamani iko na sampu tu, upepo ukipita chini ndio inapoa kidogo. Ukienda pole pole kwa mchanga na mzigo, maji yanaweza kukaa 90 huku oili inapanda 120, 130. Ikipanda hivyo inakuwa nyepesi, na ikiwa nyepesi presha inashuka. Ndiyo maana nataka geji mbili ziwe pamoja: presha ikishuka na joto limepanda, simama upumzike. Presha ikishuka na joto liko kawaida, hapo kuna kitu kingine, angalia kiwango cha oili haraka. Mimi nikiona 100 au 110 sina wasiwasi. Ikigusa 120 napunguza mwendo. Ikipita 130 natafuta mti wenye kivuli.

Kuzifunga kuna mitego, na hapa ndipo sitaki uwaachie mafundi kila kitu. Ya presha inafungwa pale swichi ya taa ilipo, karibu na filta. Unaweka kiungo cha njia tatu ili taa ibaki na geji iingie. Shida ni nyuzi za skrubu. Zile za Marekani za robo-nusu ya inchi zina nyuzi 27 kwa inchi, zile za Uingereza na Japani zina 28. Kwa macho ni mapacha. Inaingia mizunguko miwili, fundi analazimisha na spana, halafu unapasua nyumba ya filta. Pima kwanza, walahi.

Ukichagua geji ya umeme, usizungushe ile tepu nyeupe ya mabomba mpaka ijae, kwa sababu hiyo sensa inapata ethi yake kupitia hizo nyuzi. Ukiifunika yote, sindano itasoma uongo. Ukichagua ya paipu, usipitishe paipu ya plastiki karibu na egzosi. Oili ya moto ikimwagikia miguu yako hutasahau. Ya shaba izungushe pete moja kabla haijafika ukutani, mtikisiko usiikate.

Ya joto watu wanapenda ile sensa inayoingia mahali pa nati ya kumwagia oili. Rahisi, ndiyo, lakini inaning'inia chini kabisa, na barabara zetu mnazijua mawe yake. Sisi tulitoa sampu, tukaisafisha, jua kali mmoja akachomelea kishikio kando, chini ya kimo cha oili. Usimkubalie fundi achomelee sampu ikiwa bado kwa gari.

Wazee wananiambia walivuka hadi Mandera bila geji, kwa masikio tu. Nawaheshimu. Lakini sikio linasikia beringi ikishakufa. Kuna hoja moja yao ambayo siwezi kuipinga: kila tundu jipya ni mahali papya pa kuvuja. Kweli. Ndiyo maana nakagua viungo kila wiki kwa kitambaa. Na wale wa Nairobi wanaopeleka magari Concours, wanaotaka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani, wawekee geji kwa kibati chini ya dashibodi bila kutoboa. Siku ya maonyesho waitoe. Sisi huku gari inafanya kazi.

Kinachoniuma ni vijana wenzangu. Mtu ananunua taa za LED za juu ya paa, spika nne, stika mpaka kwa kioo, halafu injini ya mzee wake inapumua kwa imani. Nikiweka video ya taa mnafurika. Nikiweka ya geji mnapotea.

Jana abti alinipigia akiwa njiani. Na yeye huniita abti, ndivyo tulivyo.

"Abti, inasoma 30. Joto 120."

"Umesimama?"

"Niko chini ya mti. Nakunywa chai."

"Gari ina shida?"

"Haina. Nangoja ipoe." Nyuma yake nikasikia mbuzi wa mtu, akakata simu.