Kiongozi wa Timu, Nyamaza Kwanza!

Leo nina la kusema, na najua kuna wakubwa watakaonuna. Wanune tu.

Kila nikikutana na mameneja wa timu za programu hapa Nairobi, wimbo ni ule ule: "Hawa vijana tarakilishi wanaijua, lakini mawasiliano ni sufuri." Basi wanalipia semina hotelini, vijana wanafundishwa kusimama wima na kumtazama mtu machoni. Jumatatu inafika, mradi bado umekwama. Jamani! Mwenye tatizo la mawasiliano hakuwa hata kwenye semina. Ni yule aliyetia sahihi hundi ya kuilipia.

Nayasema haya kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza timu ya watu 5, tukitengeneza programu ya mishahara. Kila asubuhi tulikuwa na mkutano wa dakika 15, wote tumesimama, Kiingereza tu kwa amri yangu. Niliona huo ndio usasa. Siku moja kijana mdogo kuliko wote akaanza kusema kitu kuhusu senti... akatafuta neno la Kiingereza, akakwama. Nikamkata: "Niletee suluhisho, usiniletee matatizo!" Wenzake wakacheka. Akanyamaza, na mkutanoni hakusema tena.

Mwisho wa mwezi programu ikaanza kazi. Kumbe ilikuwa ikitupa visehemu vya senti katika kila hatua ya hesabu badala ya kungoja mwisho. Jumla ya makato ikakataa kulingana na vitabu vya mhasibu, malipo yakazuiwa, na watu wakakaa siku 4 bila mshahara. Hao ni watu wenye kodi ya nyumba na karo ya watoto. Nilipomwita yule kijana kando na kumwuliza kwa Kiswahili, alinieleza kwa dakika 2, kalamu na karatasi mkononi. Alikuwa amelijua kosa wiki 3 kabla.

Sasa niambie, msomaji: ni nani hakujua kuwasiliana hapo?

Usidhani ni mambo ya Nairobi peke yake. Mwaka 1999 NASA ya Marekani ilipoteza chombo kilichoitwa Mars Climate Orbiter. Programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za msukumo kwa kipimo cha pauni, upande wa pili ukazisoma kana kwamba ni nyutoni. Tofauti ni zaidi ya mara 4. Tarehe 23 Septemba chombo kikafika Mihiri kikiwa chini mno, kikapotea. Na hili ndilo linaloniuma: uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya waongoza safari walikuwa wameona mapema hesabu hazioani. Wasiwasi wao haukufuatiliwa hadi mwisho. Wataalamu wa kuzungumza walikuwepo tele. Kilichokosekana ni sikio.

Tena kiongozi akichelewa, dawa yake ni kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 pale IBM, alituonya katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu mwenyewe: watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana 45. Watu 20 wana 190! Kama hukuweza kumsikia mmoja kati ya watano, hao ishirini utawasikia kwa masikio ya nani?

Najua utaniambia, "Lakini wateja wetu wako ng'ambo, Kiingereza ni lazima." Sawa. Andika maelezo ya programu kwa Kiingereza. Lakini mtu anayetaka kukuonya kwamba nyumba inaungua, mwache apige kelele kwa lugha yoyote aliyo nayo, hata Sheng.

Siku hizi nafanya mambo manne. Mkutanoni nazungumza wa mwisho. Siulizi "mko sawa?", maana jibu ni "tuko sawa, bosi" hata paa likianguka, nauliza "ni nini kinakutia wasiwasi wiki hii?" Uamuzi ukipita unaandikwa: nani, lini, na kwa nini. Na aliyeleta habari mbaya namshukuru mbele ya wote, hata kama moyoni nimekasirika.

Tumelelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kazi hii yetu, mkuu asiyesikia la mdogo ndiye huvunja guu, tena la timu nzima.

Yule kijana aliondoka miezi 2 baadaye. Nilimwomba radhi faraghani, ilhali nilimwaibisha hadharani. Hilo nalo ni kosa la mawasiliano, na ni langu.