MAMBO YA SHAMBA: Ukuta wa Lambo

Mwezi huu twataka kusema habari za lambo, yaani bwawa dogo la udongo liwekalo maji ya kunyweshea shamba.

Jambo hili si geni kwetu. Wapare tangu zamani huchimba ndiva milimani: maji ya mfereji huingia usiku, na asubuhi mzibo hufunguliwa, kila mtu akapata maji kwa zamu yake. Tope likizidi, wenye zamu huitwa kulizoa, na kazi hiyo ya pamoja huitwa msaragambo. Hivyo ndiva hudumu, kwa kuwa ina wengi wa kuitunza.

Lakini adui wa ukuta wa udongo ni maji yale yale uyazuiayo. Yakipita juu yake huula udongo, na mfuo mdogo huwa pengo kwa muda mfupi. Kwa hiyo kabla ya masika isafisheni njia ya maji ya ziada, iliyo kando ya ukuta katika ardhi ngumu. Wala msiizibe kwa tamaa ya kupata maji mengi zaidi.

Tena yatazameni maji yachujikayo chini ya ukuta. Yakiwa machache na safi, yaangalieni kila siku. Yakiwa na tope, jueni ya kwamba udongo wa ndani unachukuliwa. Hapo lipunguzeni lambo, mkawaonye walio chini. Miti isiote ukutani, kwa maana mizizi ikioza huacha njia ya maji. Panya na fuko wasichimbe humo. Ng'ombe wasipite juu, bali pandeni nyasi.

Mtu asiseme, "Lambo ni langu peke yangu." Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai karibu na Nakuru, Kenya, ukuta wa bwawa la shamba kubwa ulibomoka baada ya mvua nyingi. Watu zaidi ya 40 walikufa, na watoto miongoni mwao. Maji yaliwakuta majumbani mwao bondeni.

Basi, walimu, wapelekeni wanafunzi lamboni wakajionee mambo haya. Nawe mwenye lambo, ukiisha kuuzunguka ukuta, shuka bondeni ukazihesabu nyumba. Ukiona ufa, waambie wenye nyumba hizo siku ile ile.