Hoteli Bora ya Mabawa ni Ile Isiyokuangusha Siku Mbaya

Haya wasomaji wangu, leo naweka kando seva na hifadhidata, naongea kuhusu tumbo. Lakini msikimbie, hesabu zitakuwepo.

Swali ni hili: unachaguaje hoteli yako ya mabawa ya kuku? Sisemi ile ya kwenda mara moja kupiga picha. Nasema ile ambayo mgeni akikuambia "tupeleke mahali", jina linakutoka mdomoni kabla hujafikiri.

Maoni yangu nayatoa mapema ili tusipotezeane muda. Usiihukumu hoteli kwa siku yake nzuri, wala kwa nyota zake kwenye ramani ya simu. Ihukumu kwa siku yake mbaya.

Bawa lenyewe kwanza

Mabawa ya pilipili tunayoyajua yanatoka mji wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba mwaka 1964 Teressa Bellissimo wa Anchor Bar aliyakaanga mabawa, kitu ambacho wakati ule wengi walikitumia kwa supu tu, akayapaka sosi kali. Lakini Calvin Trillin alipoifuatilia hadithi hiyo kwa ajili ya jarida la The New Yorker mwaka 1980, alikuta kila mtu ana toleo lake. Akampata pia John Young, Mmarekani Mweusi wa mji huohuo, aliyedai kwamba yeye ndiye wa kwanza.

Mpaka leo watu wa Buffalo wanabishana hoteli ipi ni bora. Wako wa Anchor Bar, wako wa Duff's. Obama alipopita huko Mei 2010 alikula Duff's. Sisi Wakenya tungependa kusema kesi imefungwa, mtu wetu ameshaamua... lakini mara moja ni mara moja tu, hata ukiwa rais.

Kinachonifurahisha kuhusu bawa ni kwamba halina pa kujificha. Bawa bila unga, mafuta ya moto, sosi ya pilipili, siagi. Vitu vinne basi. Kwa hiyo tofauti kati ya hoteli na hoteli haitoki kwenye siri ya bibi, inatoka kwenye mkono wa mpishi na nidhamu ya jikoni. Ndiyo maana naona bawa ni kipimo kizuri.

Nyota zinadanganya vipi

Chukua mfano. Hoteli A imepimwa na watu 3, wote wameisifu. Hoteli B imepimwa na watu 600, na 528 kati yao wameisifu, yaani asilimia 88. Ukipanga kwa wastani peke yake, A inakaa juu kwa asilimia 100. Wewe ungeenda wapi?

Hesabu ya kutatua hili ni ya zamani. Mwaka 1927 Mmarekani Edwin Wilson alichapisha fomula inayouliza swali la busara zaidi: kwa ushahidi tulio nao, sifa ya chini kabisa tunayoweza kuiamini ni ipi? Ukiitumia kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, Hoteli A inaporomoka hadi asilimia 44 hivi, na B inabaki na 85. Mwaka 2009 Reddit walianza kuitumia kupanga maoni ya watu. Ni mistari michache tu ya kodi, jaribuni wenyewe.

Lakini fomula hiyo inatibu ugonjwa mmoja tu, uchache wa watu. Haijui watu hao walikuwa wanapima nini. Soma maelezo yenyewe: "Nyota 5, DJ mkali." "Nyota 5, pa kuegesha gari papo." "Nyota 1, askari wa mlangoni alinikunjia uso." Sawa, lakini mabawa je?

Kwa nini siku mbaya

Kazini tunajua kwamba wastani ni muongo. Seva inaweza kujibu kwa wastani wa nusu sekunde, kumbe wateja 19 wanajibiwa kwa sekunde 0.1 na wa 20 anasubiri sekunde 8. Huyo wa 20 ndiye atakayeondoka na asirudi. Kwa hiyo mtu makini hatazami wastani, anatazama wale waliohudumiwa vibaya zaidi.

Jiko ni vivyo hivyo. Kuna hoteli moja mjini, sitaitaja. Jumatano saa saba mchana inakupa mabawa ya kuotwa usiku. Njoo usiku wa Arsenal na Man U sasa! Unasubiri saa nzima na nusu, kisha unaletewa bawa lenye ngozi ya sponji na nyama mbichi kwenye mfupa.

Sababu haina uchawi. Watu wakijaa, mpishi anakijaza kikapu kupita kiasi, joto la mafuta linashuka, na bawa linakunywa mafuta badala ya kukaangika. Au yanakaangwa mengi mapema, yanapakwa sosi, yanakaa, ngozi inalainika. Au yanatolewa yakiwa na barafu katikati, nje yameiva ndani bado. Na hilo la mwisho si suala la ladha tu, ni la afya. Idara ya kilimo ya Marekani inataka nyama ya kuku ifike nyuzijoto 74 za Selsiasi ndani kabisa. Usiku wa mechi ndio jaribio la mzigo la jiko, kama vile sisi tunavyoibana seva kwa maombi mengi kwa wakati mmoja tuone itapasuka wapi.

Ninavyopima

1. Naenda mara tatu kabla ya kusema lolote, na mojawapo lazima iwe usiku wa watu wengi. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hoteli pia ni mgeni kwako, ipe jembe uone kama inalima.

2. Naagiza kitu kilekile kila mara. Ukibadilisha sosi leo, na kesho ukabadilisha kiasi, utajuaje kilichobadilika ni hoteli au ni wewe?

3. Naomba nusu ya sosi iwekwe pembeni. Sosi inaficha mengi. Bawa kavu linakuonyesha ngozi na umri wa mafuta.

4. Nahesabu vipande. Kuku ana mabawa mawili, na kila bawa linatoa vipande viwili vya maana: kile cha juu kinachofanana na paja dogo, na kile cha kati chenye mifupa miwili myembamba. Sahani ya vipande 12 ni kuku watatu. (Sasa unaelewa bei!) Ukiona ncha zimehesabiwa kama vipande, umepunjwa.

5. Natazama wakikosea wanafanya nini. Hakuna jiko lisilokosea, kama ambavyo hakuna programu isiyo na hitilafu. Anayesema "pole, nakuletea nyingine" na akaileta kweli ana alama nyingi kwangu kuliko anayebishana na mteja kuhusu nyama mbichi.

Uache kutafuta lini?

Kuna kanuni maarufu ya asilimia 37. Ukiwa na waombaji kazi 100 wanaokuja mmoja mmoja, wasikilize 37 wa kwanza bila kumchukua yeyote, halafu mchukue wa kwanza atakayewashinda wote hao. Wengi hupenda kuitumia kwa kila kitu, mpaka mapenzi. Kwa hoteli haifai, kwa sababu kanuni hiyo inadhani uliyempita harudi tena. Hoteli hainuni. Ukiiacha Januari, Machi inakupokea.

Linalofaa zaidi ni swali la kuchunguza au kutulia. Ukiwa mgeni mjini, chunguza sana, kwa sababu una miaka ya kufaidi utakachokipata. Ukiwa unahama mwezi ujao, kula pale unapopapenda, uchunguzi hautakulipa. Mimi niko katikati, kwa hiyo katika kila safari tano, nne zinaenda kwenye hoteli yangu na moja inaenda mahali pasipojulikana.

Hiyo safari ya tano ndiyo naomba uichukue kwa uzito. Tunapenda kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ilikuwa kweli zamani. Siku hizi kwenye simu, anayeonekana ndiye anayetembelewa, anayetembelewa ndiye anayepata nyota, na mwenye nyota ndiye anayeonekana. Mama anayekaanga kuku kwenye kibanda nyuma ya stendi hayumo katika mzunguko huo. Wateja wake hawamalizii bando zao kuandika maoni. Hana nyota 2, hana nyota 5, hayupo kabisa. Na huenda anawaka moto uleule kila siku, na mafuta yake anayabadilisha kwa sababu wanaomla wanamjua kwa jina na kesho watapita hapohapo. Ukiiachia algoriti uamuzi wote, humkosi yeye tu. Unachangia kumfungia biashara, na mwenye DJ anapata mteja mwingine bure.

Najua kuna atakayesema, "Ndugu, ni mabawa tu, mbona hesabu zote hizi?" Nakubali ladha ni ya mtu, na ukipenda sosi ya asali kuliko ya pilipili sitagombana nawe. Lakini sahani ya mabawa mjini inakula pesa za chakula cha mchana cha siku kadhaa, na mishahara yetu mnaijua. Pesa hizo ni kura. Afadhali ulipigie jiko linalojiheshimu hata usiku wa mechi, liwe kwenye ramani au lisiwe.

Sasa zamu yenu. Niambieni hoteli yenu ya mabawa ni ipi. Lakini sharti moja: mseme pia mmekwenda mara ngapi, na mara iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwaje.