Usiuze injini ya mtumbwi ili ununue gari la kuuvuta



Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa Buchosa alinikuta mnadani akaniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025. “Bwana Samaki,” aliniambia, “nimeonyeshwa Hilux ya mkononi pale mjini. Ina chuma cha kuvutia tela. Nikiuza injini moja na nyavu nilizonazo, nikaongeza mkopo wa kikundi, naichukua. Mtumbwi nitauvuta mwenyewe, dagaa nitapeleka Kirumba mwenyewe. Unaonaje?”

Nilimjibu palepale, na leo nawajibu wote. Gari la kubeba mzigo wa kila wiki, nunua ukiweza. Gari la kuvuta mtumbwi, kodi. Na injini inayokulisha usiiuze kwa ajili ya lolote kati ya hayo mawili.

Najua wapo watakaoninunia. Gari ni heshima, na aliyeteseka miaka kwa foleni ya kivuko ana haki ya kulitamani. Lakini nimeona mvuvi mwenye mitumbwi miwili akiuza mmoja na injini yake ili anunue pikapu. Miezi minane baadaye pikapu ilikuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, giaboksi imefunguliwa, na yeye anavua kwa mgawo katika mtumbwi wa mtu mwingine. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikosea hesabu tu.

Mtumbwi hupanda barabarani mara ngapi?

Nilimuuliza mzee wangu: mwaka jana mtumbwi wako ulisafiri kwa barabara mara ngapi? Akafikiri kidogo akasema mara moja, siku ulipotoka kwa fundi. Wengi wenu ni hivyo hivyo. Mtumbwi una barabara yake, nayo ni ziwa. Unahitaji matairi pale tu unapotoka kwa fundi aliye mbali na maji, unapouzwa kwa mtu wa wilaya nyingine, au unapopelekwa kwenye bwawa.

Kinachopanda na kushuka kila siku ni injini, mafuta, barafu, nyavu na magunia ya dagaa. Injini ya nguvu farasi 15 haifiki kilo 50, na ile ya 40 ni kilo 70 na kidogo. Hizo hazihitaji Hilux. Kama unaogopa wezi na unataka injini ilale nyumbani, pikipiki ya miguu mitatu inatosha kabisa.

Kwa hiyo siku moja ya mwaka isikuchagulie gari la siku nyingine zote. Siku hiyo kodi Kenta au Fuso, tafuta vijana wa kunyanyua, funga kamba vizuri, weka kitambaa chekundu kwenye ncha inayotokeza nyuma, maliza kazi, lipa, rudi kwenye shughuli zako.

Kuvuta si sawa na kubeba

Wauzaji wengi husema “hii inavuta chochote”. Usikubali haraka. Gari linaweza kuwa na nguvu ya kuondoka na mzigo na likashindwa kuusimamisha. Kwenye mteremko, mtumbwi ulio nyuma unalisukuma gari, na matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki zake yenyewe.

Kwanza ujue uzito. Mtumbwi wa mbao uliokaa majini miezi mingi umekunywa maji, hivyo ni mzito kuliko siku ulipotoka kwa fundi. Kipimo changu cha haraka ni hiki: wanaume kumi wakishindwa kuunyanyua mchangani, hesabu kwamba umezidi nusu tani. Ongeza uzito wa tela lenyewe, na usiache injini na nyavu ndani.

Pili, mzigo ukae vizuri. Karibu sehemu moja kati ya kumi ya uzito wote wa tela na mtumbwi inapaswa kuegemea kwenye kiunganishi cha gari. Ukiwa mdogo mno pale, tela litayumba kushoto na kulia ukiongeza mwendo. Ukizidi, nyuma ya gari inadidimia, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Hali zote mbili zinaweza kukutupa mtaroni.

Tatu, gari lenyewe. Gari linalosukumwa na matairi ya mbele ni dhaifu kwa kazi hii, kwa sababu mzigo wa nyuma unapunguza uzito mbele na matairi yanateleza mchangani. Gia za kawaida zinavumilia kuliko otomatiki iliyochoka, ambayo huchemka mafuta yake kwenye mlima. Na tela likiingia majini na beringi bado zina moto, zinapoa ghafla na kunyonya maji ndani. Acha zipoe kwanza, kisha baadaye zitiwe grisi upya. Ukiweza, gari lisiingie majini kabisa: magogo, kamba ndefu na watu vinautoa mtumbwi bila kuharibu chochote.

Tela pia linataka usajili wake, taa na mnyororo wa usalama. Hizo gharama zote ni kwa ajili ya safari moja ya mwaka.

Gari gani basi kwa mzigo wa kila wiki?

Anza na mzigo. Dagaa wakavu si wazito sana, ila wanachukua nafasi. Anayewabeba anahitaji bodi ndefu na turubai zima, kuliko injini kubwa. Anayebeba samaki wabichi kwenye barafu ana mzigo mzito unaovuja. Anayebeba kayabo ana chumvi, na chumvi inakula bodi mpaka chesisi.

Kirikuu (Suzuki Carry) inafaa kwa mzigo mdogo na njia nzuri. Wajapani waliitengeneza kwa kilo 350. Sisi tunaweka mara mbili yake, halafu tunashangaa springi zikikatika. Inakula mafuta kidogo na mafundi wake wapo. Mtumbwi usiufunge nyuma yake hata kwa kilomita moja.

Probox na Succeed ni nzuri kwa mchuuzi wa makasha ya samaki anayekaa kwenye lami. Uwezo wake ni karibu kilo 400, na nyingi husukumwa na matairi ya mbele, kwa hiyo ziache barabarani, usizishushe mchangani.

TownAce au LiteAce ya bodi wazi, kwa maoni yangu, ndiyo inayowafaa wafanyabiashara wengi wadogo wa dagaa. Inabeba zaidi ya nusu tani, inasukumwa na matairi ya nyuma, na si ghali kama pikapu zenye jina.

Hilux inavuta kweli na inapita kwenye tope la mbuga wakati wa masika. Lakini unanunua na jina. Kwa fedha ileile unayolipia Hilux iliyochoka, unaweza kupata gari dogo lililo zima. Mimi nachagua zima.

Kenta ni ya kikundi, au ya mtu mwenye mzigo wa kwenda na wa kurudi. Ikirudi tupu kutoka Mwanza, faida yote inaishia kwenye tangi.

Hesabu ya giza na mbalamwezi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Dagaa tunavua kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa tunapumzika. Anayepanga marejesho ya mkopo kwa siku 30 za kazi amejidanganya. Panga kwa siku 20, na hizo nazo zina upepo na mvua ndani yake.

Chukua daftari. Kwa giza mbili mfululizo, andika kila shilingi unayolipia usafiri. Tuseme, kwa mfano tu, umelipa 480,000 kwa mwezi. Sasa andika za gari lako: mafuta 210,000, dereva 150,000, matengenezo na matairi 100,000, bima na leseni ukizigawa kwa miezi 40,000. Jumla 500,000. Umenunua gari ili upate hasara ya 20,000 kila mwezi, na bado hujaweka rejesho la mkopo. Tarakimu zako zitakuwa tofauti na hizi. Weka zako, lakini ziandike kabla ya kulipa.

Daraja nalo liangalie pande zote mbili. Linakuwezesha wewe kwenda Mwanza na kurudi siku hiyohiyo. Linamwezesha pia mwenye gari wa mjini kuja mpaka kwenu kutafuta mzigo bila kusubiri kivuko. Wakiwa wengi, jadilianeni nao bei. Wachuuzi watano wanaokusanya magunia pamoja na kukodi Kenta moja wana nguvu kuliko wachuuzi watano wenye magari matano mabovu.

Ukishaamua kununua

1. Nenda na fundi wako. Fundi wa muuzaji ni wa muuzaji.

2. Fika asubuhi, uguse injini kabla haijawashwa. Ukikuta ya moto, uliza kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto unaashiria maji yanaingia kwenye mitungi. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta kitu kama maziwa, funga, shukuru, ondoka.

3. Jaribu gari likiwa na mzigo. Pakia magunia au watu, panda mlima. Mwanza haina upungufu wa vilima. Gari tupu kwenye lami tambarare halisemi ukweli.

4. Lala chini uangalie chesisi, hasa mahali springi zinaposhikilia na pale penye chuma cha kuvutia tela. Gonga kwa nyundo ndogo. Kutu inayomeguka, au rangi mpya juu ya chuma kilichochomelewa, ni sababu ya kuacha.

5. Usidanganyike na namba. Mtu atakuambia “hii ni namba E” kama vile ni mpya. Herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi.

6. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na namba ya chesisi ilingane. Angalia kama lina deni la faini za barabarani. Badilisha umiliki TRA mapema, usibaki na kadi ya mtu mwingine. Kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, uliza leseni yako LATRA kabla trafiki hajakuuliza.

7. Usimalize fedha zote kwenye bei. Mimi hushauri robo yake ibaki kwa matairi, betri na matengenezo ya miezi ya kwanza. Kama huna hiyo robo, gari hilo bado si lako.

Nani anunue gari la kuvuta?

Wapo, siwakatai. Fundi wa mitumbwi anayewapelekea wateja kazi zao. Kikundi cha ufugaji wa vizimba chenye boti za faiba katika maeneo tofauti, hasa sasa ambapo serikali imekopesha wavuvi boti na vizimba tangu 2024. Mtu anayehamisha boti mara mbili au tatu kwa mwezi, na ana kazi nyingine ya gari siku zilizobaki. Hao wanunue pikapu ya foo wili yenye chesisi nzima, na tela lenye breki.

Mzee wangu wa Buchosa hakufurahi na jibu. Aliniambia, “Bwana Samaki, wewe una mshahara, ndiyo maana huoni uchungu wa kulipa nauli ya mzigo.” Ana haki ya kusema hivyo. Uchungu huo naujua kwa kusimuliwa. Lakini nilimwuliza swali moja: gari likikwama mwezi wa tatu na injini umeshauza, mafuta ya kulitengeneza yatatoka ziwani kwa chombo gani?

Alinyamaza. Kisha akaomba kalamu. Amekubali kuandika giza mbili kwenye daftari kabla ya kurudi kwa mwenye Hilux. Kama hesabu yake itaonyesha faida, nitakwenda naye mjini mimi mwenyewe na fundi wangu, na nitalala chini ya gari hilo niangalie chesisi.

Nanyi fanyeni hivyohivyo. Ukishaandika daftari lako, niletee siku ya mnada tulisome pamoja.

Kazi njema.