Taa Isitangulie Jaribio

Kila masika yanapokaribia, mkulima wa Cheju na mwenziwe wa mabonde ya Pemba huchukua mbegu ya mpunga bila ya kujua ngapi zitaota. Bonde humwonyesha mapengo akiwa amekwisha kulima na kupanda. Kurudia ni kutafuta mbegu mara ya pili, na mvua haimngoji mtu.

Ndiyo maana tunalizungumza jambo ambalo wataalamu wa nchi mbalimbali wamelijaribu kwa miaka mingi, nalo ni kuimulika mbegu, kabla ya kupandwa, kwa mionzi ya urujuanimno. Inayotumika sana ni ile ya nanomita 254, itokayo katika taa za zebaki kama zile za kuulia vijidudu hospitalini. Kwa kiasi kidogo huua kuvu waliomo juu ya ganda, na mbegu yenyewe hushituka ikaamsha kinga zake. Mara nyingine huota upesi na kwa wingi zaidi. Ikizidi, hudhuru kiini, na mbegu huchelewa au hufa. Kipimo kinachofaa ngano si lazima kifae mpunga.

Wako watakaosema kuwa sisi tunaanika mbegu juani tangu enzi za wazee wetu. Kuanika ni kukausha, na ni jambo jema. Lakini mionzi ya nanomita 254 itokayo kwenye jua huzuiwa angani isitufikie, na hiyo ni bahati yetu, kwani huunguza macho na ngozi.

Visiwa hivi si vigeni kwa mionzi. Mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi ya gama walimwagwa Unguja kwa ndege, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o. Mionzi ile ni ya namna nyingine, lakini kazi ile ilifaulu kwa kuwa ilipimwa kwanza.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wasikimbilie kununua taa. Watafiti wetu wa Kizimbani wapewe nafasi ya kumulika mbegu zile zile anazotumia mkulima, zikiwa zimetandazwa safu moja, maana mwanga huu haupenyi fungu, na pembeni yake zipandwe zisizomulikwa. Faida isipoonekana, wananchi waambiwe hivyo hivyo.

Tena mbegu iliyokwisha kufa ghalani haifufuliwi na taa yoyote. Mbegu ya mkarafuu, kwa mfano, ikikauka imekwisha. Kuhesabu mbegu mia moja, kuzifunga katika kitambaa kibichi na kuzihesabu zilizoota hakuhitaji umeme wala fedha za kigeni. Tunataka hesabu hiyo iandikwe juu ya kila gunia la mbegu linalogawiwa wakulima, kuanzia masika yajayo, Unguja na Pemba.