Safari ya Guangzhou: nauli rahisi, saa ghali

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaofuata bidhaa Guangzhou, China, hulinganisha jambo moja tu wanapokata tiketi, nalo ni nauli. Saa hazihesabiwi. Hilo ni kosa, kwani saa nazo ni mtaji.

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, kwa njia ya mkato angani, ni takriban kilomita 8,700. Ndege kubwa ya abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo safari isiyo na kituo huchukua kama saa 10. Kupitia Dubai au Addis Ababa, umbali hufikia takriban kilomita 9,800. Nyongeza ya kilomita 1,100 si kubwa, ni kama saa moja na robo. Kinachokula muda ni kutua, kusubiri na kuruka tena.

Hapo ndipo tofauti ya saa 5 kati ya miji hiyo inapouma. Anayeondoka Dar Jumatatu saa 4 usiku kwa safari ya saa 10 hufika Jumanne saa 7 mchana za huko. Anayetumia saa 15 pamoja na kusubiri hufika saa 12 jioni. Akimaliza uhamiaji na kufika mjini, maduka ya jumla yamekwisha kufungwa. Saa 5 za njiani zimegeuka nusu siku ya kazi.

Kwa anayekwenda kwenye Maonyesho ya Canton, yanayofanyika kila Aprili na Oktoba, hasara ni kubwa zaidi. Kila awamu ni siku 5. Kukosa siku moja ni kupoteza asilimia 20 ya nafasi aliyoifuata.

Mathalani, aliyekopa shilingi milioni 30 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi hulipa takriban shilingi 20,000 kila siku, awe sokoni au amelala kwenye benchi la uwanja wa ndege. Hapo bado hoteli, chakula na duka alilolifunga nyumbani.

Hata hivyo, si kila mmoja anunue tiketi ya haraka. Anayekaa wiki tatu akisubiri kiwanda kimalize oda yake hapotezi kitu kwa kuchelewa nusu siku. Kwake nauli ndogo, au nafasi ya mizigo zaidi, ndiyo faida. Mwenye siku 6 tu ndiye anayepaswa kuogopa.

Ni vyema pia kukumbuka kuwa tiketi huonyesha saa za kila mahali. Safari ya saa 10 huonekana ya saa 15 wakati wa kwenda, na ya saa 5 wakati wa kurudi. Vilevile, "moja kwa moja" si lazima iwe bila kutua. Hapana budi kuuliza vituo vingapi, na kusubiri saa ngapi, kabla ya kutoa fedha.